Madole Kumi na Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na kazi mpya imeanza, na zote mbili zimenikuta bila mwavuli.

Mhariri wa tovuti yetu ya habari, ambaye hapa daftarini namwita Bosi tu, ametuita sisi wawili tunaochunga sehemu ya maoni: mimi, na fundi wa kompyuta tunayemwita Miwani. Wenye kampuni wamechoka na matusi. Watangazaji hawataki sabuni yao ikae chini ya habari ambayo wasomaji wanaitana mbwa. Kuanzia leo mashine itayapa maoni yote alama za heshima, sifuri hadi mia. Wastani wetu kwa sasa ni arobaini na moja. Tarehe 19 Aprili wenye kampuni wanakuja wenyewe kuangalia.

"Wakikuta themanini, unapata ajira ya kudumu," Bosi akaniambia.

"Wasipoikuta?"

"Tutakushukuru kwa miaka yako minne."

Miaka minne ya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kwa ajira hiyo ningefuta hata maoni ya mama yangu mzazi.

Jumanne, 5 Machi

Nimefuta mia mbili na kumi. Yule anayeandika "Wa kwanza!" chini ya kila habari, hata za vifo, nimemtupa nje. Yule mama anayetueleza magoti yake chini ya habari za michezo, nje pia, ingawa hajamtukana mtu. Nisiseme uongo, kazi hii inanipa raha. Watu wanapanga maneno nusu saa nzima, na mimi nayafuta huku natafuna andazi.

Alhamisi, 7 Machi

Waliofukuzwa wanarudi kwa majina mapya, wakali kuliko jana. Wastani thelathini na nane. Bosi hanisalimii.

Jumatatu, 11 Machi

Miwani amekuja na dawa. Anaiita chumba cha kioo. Mtu akitukana humfukuzi. Unambofya mara moja, na tangu hapo kila anachoandika anakiona yeye peke yake. Kwake maoni yapo pale pale, na jina lake, na saa. Kwa watu wengine wote hakuna kitu.

"Anaongea mpaka povu linamtoka," Miwani akasema, "na wala hajui kwamba hasikiki."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kufikia jioni nimeshawaingiza wapangaji tisini.

Jumatano, 13 Machi

Wastani hamsini na tano. Mvua kutwa.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimepata mpangaji wa aina yake. Anajiita Mwashi Mstaafu. Chini ya habari ya bustani mpya ya jiji, akaandika:

"Nyinyi wapumbavu mnapiga picha utepe unakatwa, na ukuta wa nyuma ya soko umepasuka. Nimetia sarafu kwenye ufa, imeingia yote. Nyumba thelathini ziko chini ya ukuta ule na mojawapo ni yangu. Waliomwaga zege hawakuacha matundu ya kutolea maji, udongo umelewa maji na unasukuma. Mhariri wenu ana kichwa cha tofali bichi."

Alama sita. Bosi aliyasoma mwenyewe, kwa bahati mbaya yake huyo mzee.

"Huyu nisimwone tena," akasema.

Nikambofya. Tofali bichi nimeliandika hapa ili nisilisahau, maana linamfaa Bosi kabisa.

Jumatatu, 18 Machi

Wapangaji wameanza kushtuka. "Mbona hakuna anayenijibu?" "Kuna watu humu?" Wengine wanafungua akaunti mpya, na tunarudi kule kule. Miwani alikuwa anakuna kichwa. Dawa nimeitoa mimi.

Tuna akaunti kumi na mbili za majaribio, tulizofungua zamani kupimia mitambo. Majina yake tulijitungia siku moja tukiwa na njaa: Jirani Mwema, Mpenda Amani, Mama wa Wawili, Msomaji wa Alfajiri, na mengine ya namna hiyo. Nikasema, kila mpangaji apewe madole gumba na hawa kumi na wawili. Mtu akishapata dole ananyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Halalamiki, hahami, anaendelea kuongea na kioo chake.

"Dada, una roho ya kutu," Miwani akasema, na kwa sauti yake ilikuwa sifa.

Ameandika programu ya kugawa madole yenyewe. Mwashi nimemwacha wa kwangu, namgawia kwa mkono, kwa sababu napenda kumsoma. Leo kaandika kwamba penseli inaingia kwenye ufa, ile nene ya uashi, si ya shuleni. Nikampa madole yote, akaunti moja baada ya nyingine.

Jumanne, 19 Machi

Chakula cha jioni nilimsimulia mama habari za chumba cha kioo. Alicheka kwanza. Kisha akaweka kijiko chini.

"Na mtu akiandika kwamba anakufa?"

"Nani anakufa kwenye maoni, mama?"

"Nimekuuliza tu. Wewe tangu utoto mchezo wako ulikuwa kufunga mlango ukiwa ndani na wenzako nje. Nilidhani utakua."

Mama yangu hajui kuongea na mtu bila kumkwaruza. Nimejua nilikoupata mdomo huu.

Ijumaa, 22 Machi

Wastani sitini na saba! Na jambo la kuchekesha: Mwashi amekuwa mpole. Tangu aanze kupata madole hajatukana hata mara moja. Leo kaandika:

"Nawashukuru sana Jirani Mwema, Mpenda Amani na wote kumi na wawili mnaosoma. Niliwakosea watu wa gazeti siku ile, nilikuwa na hasira. Mke wangu ndiye ananisomea majina yenu jioni, macho yangu hayaoni vizuri herufi ndogo. Ufa leo unaingia kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha kwanza."

Alama themanini na nane. Nimemwonyesha Miwani. Tumemtengeneza mtu, kwa kumdanganya. Tulicheka, ila mimi niliacha kucheka mapema kidogo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Kidole mpaka kiungo cha pili.

Jumatatu, 1 Aprili

Wastani sabini na mbili. Kidole kizima. Kaeleza pia kwamba maji yanayotoka chini ya ukuta yamekuwa ya udongo, zamani yalikuwa meupe, na kwa mwashi hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko ufa wenyewe. Sikujua. Nilisoma mara mbili, kisha nikampa madole.

Alhamisi, 4 Aprili

Maoni yote siku hizi yanafanana. "Habari nzuri." "Kazi njema." "Tuendelee kudumisha amani." Chini ya habari ya waziri aliyekanusha jambo ambalo kila mtu aliliona, watu sitini wamemtakia afya njema. Wenye maneno wote wako chumbani, mia nne na kitu. Ukitaka kujua nini kinaendelea katika jiji hili inabidi usome huko, na mwenye ufunguo wa kusoma huko ni mimi na Miwani tu.

Jumatatu, 8 Aprili

"Leo ngumi imeingia. Yangu, si ya mke wangu."

Nilikaa nalo neno hilo asubuhi nzima. Mchana nikaenda kwa Bosi. Nikamwambia kuna msomaji, ni fundi, anapima ufa kila siku, na ufa unakua. Tumtoe kwenye kioo, au tumtume mwandishi mmoja akaangalie, ni mwendo wa robo saa.

"Ni yupi huyo?"

Nikajaribu kukwepa, ikashindikana. "Yule wa tofali bichi."

Bosi alivua koti akalitundika taratibu. "Ukimtoa, maoni yake yote ya mwezi mzima yanatokea kwa mpigo. Watu watauliza tulikuwa wapi. Mwandishi akienda, atauliza habari imetoka wapi. Baada ya tarehe kumi na tisa tutaangalia."

"Mvua haijui tarehe kumi na tisa, bosi."

"Na wewe unaijua?"

Naijua. Nikasema sawa, tena haraka kuliko alivyotarajia, nikaona hata yeye ameshangaa kidogo.

Niliporudi mezani nilipiga simu ofisi ya mhandisi wa jiji. Wakaniambia nisubiri, muziki ukapigwa, ukapigwa tena. Nikakata. Nilikuwa na maoni mia tatu ya kusoma. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na naliandika hivyo hivyo lilivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Nanakili yote, neno kwa neno:

"Ndugu zangu kumi na wawili. Nilikuwa nimeamua kesho nikakae mlangoni kwa mhandisi, nisiondoke mpaka anione. Na mke wangu tulitaka tumhamishie kwa shemeji. Lakini yeye amesema tusiwe na haraka. Anasema gazetini wanasoma wakubwa, na watu kumi na wawili wameshaona, hawawezi kuona wakanyamaza, watakuja tu. Amenituliza. Basi tunasubiri. Asanteni kwa kutokuchoka."

Kidole changu kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Nisipompa madole, atajua kuna kitu, atafungua jina jipya, ataandika mahali ambapo watu wanaona. Ndiyo, hilo hasa ndilo lingetakiwa litokee. Nililiona wazi kama ninavyoiona kalamu hii. Wastani ulikuwa sabini na nane.

Nikampa yote kumi na mawili.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kutwa na kucha. Sikuandika kitu kazini, na hapa ni hili tu.

Jumatatu, 15 Aprili

Sabini na tisa. Bosi kaleta keki. Mwashi: "Mkono mpaka kwenye kifundo." Keki ilikuwa kavu.

Jumanne, 16 Aprili

Amebadili mpango. Ofisi ya mhandisi wamemwambia hawapokei malalamiko ya mtu mmoja, alete barua yenye saini kumi. Majirani hawataki kutia saini, wanaogopa kwamba jiji likija litawahamisha wao badala ya kutengeneza ukuta.

"Lakini mimi nina nyinyi," kaandika. "Saini zinazotakiwa ni kumi, na nyinyi mko kumi na wawili, tena wawili wanabaki wa akiba. Sijui mnakaa wapi, ila watu wa gazeti watakuwa wanawajua. Keshokutwa asubuhi nakuja hapo ofisini kwao na barua yangu."

Nikamwambia Miwani. Akavua miwani yake akaipangusa, kisha akaipangusa tena.

"Tumwambie wamesafiri?"

"Wote kumi na wawili?"

"Basi mtoe kwenye kioo leo hii, dada. Ni kubofya tu."

"Bofya wewe."

Hakubofya. Na yeye mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Saa tatu asubuhi dada wa mapokezi akanipigia simu juu. "Kuna mzee hapa, analoa maji. Anasema amekuja kuonana na Jirani Mwema na wenzake. Ndio akina nani hao?"

Nikamwambia amkalishe. Nikashuka mpaka nusu ya ngazi, mahali ambapo unaona mapokezi na wewe huonekani vizuri. Mzee mfupi, mabega mapana, penseli nene nyuma ya sikio. Barua alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko huo kwenye mfuko mwingine. Viatu alivivua akaviweka mlangoni asichafue sakafu. Alikuwa amekaa wima kwenye ukingo wa kiti, akimwangalia kila anayepita kama anayetafuta mgeni wake stendi.

Ningeweza kushuka ngazi nane zilizobaki. Juu Bosi alikuwa anatufanyisha mazoezi ya maonyesho ya kesho, ananiita nikasome takwimu. Nikamwambia dada wa mapokezi: mwambie asubiri kidogo, wanakuja.

Saa nne na dakika kumi chumba cha habari kikalipuka kwa kelele. Ukuta wa nyuma ya soko umeanguka. Nyumba tisa zimefunikwa. Waandishi wakatafuta mabuti, mtu akapiga kelele aletewe mpiga picha, Bosi akasema ipande sasa hivi, sasa hivi, kabla wengine hawajaweka. Ikapanda.

Nilikimbia chini. Nilisahau kitu kimoja ambacho kila mtu wa jengo hili anakijua: mapokezi pana televisheni kubwa ukutani inayoonyesha tovuti yetu kutwa nzima, habari juu na maoni chini. Mzee alikuwa amesimama mbele yake, pekupeku. Picha ilikuwa ya mpita njia, imetikisika, lakini paa la bluu lilionekana. Chini yake maoni yalikuwa yanapanda moja baada ya jingine. Poleni sana. Mungu awape subira. Poleni wafiwa. Tuwaombee.

"Paa langu," akamwambia dada wa mapokezi, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Lile la bluu. Mke wangu yumo, anafua."

Akatoka mbio bila viatu. Barua ilibaki kwenye kiti.

Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Naliandika hili ili nisije kulibadilisha baadaye: nilirudi juu. Wastani wa siku ulikuwa umefika themanini na sita. Hakuna kinacholeta heshima kama msiba.

Ijumaa, 19 Aprili

Waliokufa ni wanne. Mmoja ni mke wa mwashi mstaafu, habari yetu imeandika hivyo, umri miaka sitini na tatu.

Asubuhi na mapema Bosi alinifungia mlango. "Yale maoni ya mzee yapo bado kwenye mtambo?"

"Yapo. Siku ishirini na sita."

"Futa."

"Bosi, kaandika tarehe. Kaandika na vipimo."

"Ndiyo maana nimesema futa."

Nikafuta. Moja moja, hayakubali kufutwa kwa pamoja. Sarafu, penseli, kidole, ngumi, kifundo. Ilinichukua dakika kumi na moja. Akaunti yake nikaiacha, bado imo kwenye kioo. Nilijua nikiitoa ataandika na watu wataona.

Wenye kampuni walifika saa tano. Wastani wa wiki themanini na tatu. Walisoma kwa sauti baadhi ya maoni ya pole, na mmoja wao, mama mtu mzima mwenye shali, akatoa leso akafuta macho. Akasema hii ndiyo sura ya jamii yetu tunayotaka kuiona. Mkataba nimetia saini saa sita na nusu. Miwani ameongezewa miezi mitatu.

Mama niliposema nimepata kazi ya kudumu alinipa mkono. Hakuniuliza kitu, na mama yangu si mtu wa kutokuuliza.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya mapumziko. Nilifungua kompyuta nyumbani, mkono wenyewe tu. Kulikuwa na ujumbe mmoja chumbani, na wa kuusoma dunia nzima nilikuwa mimi.

"Ndugu zangu kumi na wawili. Mtakuwa mmesikia. Siwalaumu, najua mlikuwa njiani, mapokezi waliniambia mnakuja, mimi ndiye niliondoka. Maandishi yangu ya nyuma siyaoni tena, labda simu imeharibika kwa maji. Tunamzika mke wangu kesho saa nane. Niko kwa shemeji yangu, nyumba ya geti la kijani, nyuma ya kituo cha mafuta cha barabara kuu. Alitaka sana kuwaona. Alikuwa akisema ukishapona ukuta tutawaalika hawa watu. Nimewawekea viti."

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imekatika leo. Jua kali, matope yananuka.

Sikuwa na nia ya kwenda. Nilikuwa na nia ya kupita tu. Geti la kijani lilikuwa wazi, na watu wengi, majirani zake wa bondeni, wengine na bandeji. Wamejazana kwenye mikeka, ukutani, kwenye ndoo zilizopinduliwa, wengine wamesimama. Na katikati ya ua, mstari wa mbele kabisa, viti kumi na viwili vya plastiki havina mtu. Kila kimoja kimebandikwa karatasi, na jina limeandikwa kwa penseli nene, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao. Mpenda Amani. Mama wa Wawili. Msomaji wa Alfajiri. Mtoto mdogo alitaka kukaa, bibi yake akamwondoa: "Hapo si pako, kuna wageni wa babu."

Mzee akaniona nimesimama mbele ya viti. Akaja. Miguuni alikuwa amevaa ndala za mtu mwingine, kubwa.

"Karibu, binti. Wewe ni mmoja wao?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema nimepotea njia. Nikasema, "Ndiyo."

"Yupi?"

Nikaangalia zile karatasi. "Jirani Mwema."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu, yenye michubuko mipya ya kuchimba. "Wewe ulikuwa wa kwanza," akasema. "Kila siku wewe ulikuwa wa kwanza. Alikuwa anasema, huyu Jirani Mwema halali." Akanipeleka kwenye kiti changu, akakipangusa kwa shati lake, akanikalisha. Watu wote wa ua ule walikuwa wananitazama kwa shukrani.

Kisha akainama sikioni, maana shemeji alikuwa ameshaanza kuwapanga watu wa kubeba jeneza.

"Na wenzako kumi na mmoja, binti? Tuwasubiri?"

Nikamwambia wako njiani.

Akamwendea shemeji yake, nikamsikia anamwomba wasinyanyue jeneza kwanza. Wakasubiri.